Gemu ikifungiwa duka moja: uinunue huko huko, usubiri, au uhamie GOG? Tulinganishe

Kipanga (mwanzisha mada)

Wakuu, habari zenu. Tangu Epic Games Store ifunguliwe Desemba 2018, swali hili limekuwa likirudi kila mwaka. Gemu ya kompyuta uliyoisubiri kwa hamu inatangazwa kwamba itauzwa duka moja tu la mtandaoni, na duka lenyewe siyo lile ulilozoea. Njia ninazoziona ni tatu: kuinunua huko huko ilikofungiwa, kusubiri mkataba wa kuifungia uishe ije Steam (duka la kampuni ya Valve, ambalo wengi tumelizoea), au kupeleka hela yako kwenye maduka yasiyo na kufuli, yaani gemu haikulazimishi kuifungua kupitia duka, kama GOG na itch.io. Naomba tulinganishe kwa hoja. Ushabiki wa duka hautusaidii, kwa sababu hakuna duka hata moja kati ya hayo linalotushabikia sisi.

Nianze na jambo ambalo naona linachanganywa sana. Gemu za duka moja si aina moja. Kuna gemu iliyotengenezwa na mwenye duka mwenyewe, kama Half-Life: Alyx ya Valve, ambayo kwa kompyuta huipati nje ya Steam. Kuna gemu iliyotengenezwa na watu wengine kwa hela ya mwenye duka, kama Alan Wake 2 ya mwaka 2023, ambayo Epic ndio waliokuwa wachapishaji. Halafu kuna aina ya tatu, ambayo ndiyo iliyowasha moto: gemu iliyokwisha kutangazwa kwingine, watu wameshaiagiza au wameshaahidiwa, kisha inahamishwa dakika za mwisho.

Mfano unaokumbukwa na wengi ni Metro Exodus. Ilikuwa ukurasani Steam, watu wanaiagiza mapema, na ilipangwa kutoka tarehe 15 Februari 2019. Tarehe 28 Januari ikatangazwa kwamba imehamia Epic. Waliokwisha kulipa Steam waliipata Steam, lakini mauzo mapya yakafungwa. Valve waliweka tangazo kwenye ukurasa ule ule wakisema uamuzi huo haukuwatendea haki wateja wao. Ni sawa na mtu aliyepanga foleni tangu asubuhi, akafika dirishani na kuambiwa bidhaa imepelekwa duka la jirani. Hata kama la jirani ni zuri, utakasirika, na una haki.

Kwa hiyo msimamo wangu kabla hatujaanza: aina ya kwanza sina ugomvi nayo, ya pili naielewa, ya tatu naipinga wazi. Karibuni.

Mzee_wa_Sevu

Mkuu Kipanga, umeanza vizuri, ila nirudi nyuma zaidi maana naona vijana wengi wanadhani Steam ilishuka ikiwa inapendwa.

Steam ilianza Septemba 2003. Novemba 2004 ikatoka Half-Life 2, na hata aliyenunua sanduku lenye diski dukani alilazimika kusakinisha Steam na kuunganisha intaneti ili gemu ifunguke. Watu walichukia sana. Seva zilikuwa zinazidiwa, intaneti ya wengi ilikuwa ya kusuasua, na hoja ilikuwa ile ile ya leo: kwa nini nilazimishwe programu nisiyoitaka ili nicheze kitu nilichokilipia? Leo hao hao, pamoja na mimi, tuna maktaba za mamia ya gemu humo. Hilo halifanyi kulazimishwa kuwe sahihi. Linaonyesha tu kwamba duka hupendwa likishajifunza kumhudumia mnunuzi.

La pili. Wachapishaji wakubwa wameshajaribu kuondoka. EA kuanzia 2011 walikuwa wanaziweka gemu zao kubwa kwenye duka lao la Origin, lakini mwaka 2019 wakarudi Steam, Star Wars Jedi: Fallen Order ikiwa mojawapo ya gemu walizorudi nazo. Ubisoft walianza kuipita Steam mwaka 2019 na The Division 2, wakarudi mwishoni mwa 2022. Hakuna aliyewasukuma kwa matusi. Wateja hawakuwafuata kwa idadi waliyoitaka, basi. Kati ya njia zako tatu, mimi naipa kusubiri alama ya juu.

BintiMsimbo

Shikamoo Mzee. Naomba niongee kama mtu anayetengeneza gemu, maana mada za namna hii mara nyingi zinajadili mnunuzi na duka, anayefanya kazi yenyewe anasahaulika.

Hesabu ni hii. Steam kwa kawaida inabaki na asilimia 30 ya mauzo. Epic walikuja na asilimia 12. Gemu ikiuzwa dola 20, upande mmoja mtengenezaji anabaki na dola 14, upande mwingine dola 17.60. Na kama gemu imejengwa kwa Unreal Engine, programu ya Epic ya kutengenezea gemu, ile asilimia 5 ambayo ungewalipa Epic kwa kutumia injini yao inafutwa kwa mauzo ya dukani kwao. Valve mwishoni mwa 2018 walipunguza kamisheni, lakini angalia walimpunguzia nani: asilimia 25 ukishapita mauzo ya dola milioni 10, na asilimia 20 ukishapita milioni 50. Studio ndogo ya watu wanne haifiki huko. Sisi tulibaki na 30 yetu.

Kingine ambacho wengi hawakielewi ni dhamana ya mauzo. Duka linakuambia: tutakulipa kana kwamba umeuza nakala kadhaa, hata usipoziuza. Kampuni mama ya waliochapisha gemu ya Control, Digital Bros, ilionyesha kwenye hesabu zake kwamba ililipwa euro milioni 9.49 kwa mkataba wa kuifungia Epic. Nyaraka za kesi ya Epic dhidi ya Apple mwaka 2021 zilionyesha kwamba kwa mwaka 2020 peke yake Epic waliahidi dhamana za dola milioni 444. Kwa mchapishaji mkubwa hiyo ni faida ya mapema. Kwa studio changa ni mishahara ya mwaka na nusu, na kulala bila kuwaza kama gemu itazama siku ya kwanza katikati ya gemu nyingine mia.

Ndiyo maana kilichotokea kwa watengenezaji wa Ooblets mwaka 2019 bado kinaniuma. Ni studio ndogo mno. Walipotangaza mkataba na Epic walimiminiwa matusi na vitisho, maelfu ya ujumbe. Gemu yao haikuwa imeuzwa Steam, hakuna aliyekuwa ameilipia huko. Kwa vigezo vya Kipanga hawakumvunjia mtu ahadi. Unaweza kuyachukia maneno waliyotumia kutangaza, lakini kumtishia mtu maisha kwa sababu ya duka la gemu ni ukatili, na jamii yetu ya wachezaji ilipaswa kulikemea kwa sauti kubwa kuliko ilivyofanya.

Hodari77

Dada BintiMsimbo, kuhusu vitisho niko nawe asilimia mia, hilo halina mjadala.

Ila hesabu yako ina upande mmoja. Mtengenezaji anabaki na dola 3.60 zaidi. Mimi mnunuzi nabaki na nini? Gemu karibu zote zilizofungiwa Epic zilitoka kwa bei ile ile. Metro Exodus angalau Marekani ilishuka kutoka dola 59.99 hadi 49.99, na nikadhani ndio mwanzo wa kitu kizuri. Haikuwa hivyo. Waliofuata wengi walibaki na bei kamili.

Halafu ninapewa duka lenye upungufu. Kapu la kununulia vitu zaidi ya kimoja kwa malipo ya pamoja lilifika Epic Desemba 2021. Miaka mitatu! Kuhifadhi sevu (hatua uliyofikia kwenye gemu) mtandaoni hakukuwepo walipofungua, kulianza kuletwa katikati ya 2019. Hakuna tathmini za maandishi za wachezaji, hakuna ukumbi wa kujadili tatizo la gemu ikigoma kufunguka, hakuna kitu chenye upana wa Warsha ya Steam cha kupakua modi, yaani mabadiliko ya gemu yaliyotengenezwa na wachezaji, kwa kubofya mara moja. Kama duka lako ni bora, nivute kwa ubora. Ukininyima kwingine pa kununua, tayari umeniambia kwamba ubora huo hauna.

Kwangu hilo ndilo kiini cha hasira yote. Watu hawakukataa duka la pili. Walikataa kuondolewa uchaguzi kwa jina la ushindani.

Tarakimu

Nimekaa nikaangalia kusubiri kunachukua muda gani, maana "subiri" si neno moja kwa kila gemu.

Red Dead Redemption 2 ilitoka kwa kompyuta tarehe 5 Novemba 2019 kwenye duka la Rockstar na Epic, ikafika Steam tarehe 5 Desemba. Mwezi mmoja, ukikasirika kwa huo sitakushika mkono. Borderlands 3 ilichukua miezi sita, Septemba 2019 hadi Machi 2020. Metro Exodus na Control, mwaka. Hades ilianza Epic Desemba 2018 ikiwa bado inajengwa, ikafika Steam mwaka mmoja baadaye, na toleo kamili likatoka Septemba 2020 kote kuwili. Ukiangalia hizo tu, utasema kusubiri ni rahisi.

Lakini gemu za Kingdom Hearts zilifika Epic Machi 2021 na Steam Juni 2024. Tony Hawk's Pro Skater 1 + 2 ilitoka 2020, ikaja Steam 2023. Miaka mitatu na zaidi. Hapo husubiri tena, umeshasahau.

Faida ya kusubiri ni kubwa kuliko watu wanavyoisema. Aliyesubiri Control aliipata Agosti 2020 ikiwa Ultimate Edition, na nyongeza zote mbili ndani, makosa mengi yakiwa yameshasahihishwa. Aliyeinunua siku ya kwanza alilipia gemu peke yake, nyongeza akazilipia kando. Kwa gemu za kucheza peke yako, zenye hadithi, kusubiri ni kununua kitu bora zaidi. Kwa gemu za kucheza na wenzako ni kinyume kabisa. Kundi lako likihamia huko, miezi sita baadaye utafika wameshachoka na wameanza kitu kingine.

Jongoo_wa_Linux

Mnalinganisha maduka kana kwamba wote tunatumia Windows.

Epic hawana programu ya duka lao kwa Linux. Tunaingia kwa mlango wa nyuma kupitia Heroic Games Launcher, ambayo imetengenezwa na watu wa kujitolea, na kazi wanayofanya nawaheshimu sana. Valve tangu 2018 wana Proton, inayoendesha gemu za Windows ndani ya Linux bila wewe kuhangaika, na mwaka 2022 wakatoa Steam Deck, kompyuta ya mkononi ya kuchezea gemu, yenyewe ikitumia Linux. Kwa hiyo gemu ikifungiwa Epic, kwa sisi si suala la kupenda rangi ya duka. Ni kama itafunguka au haitafunguka, na ikigoma nani atakusikiliza.

Gemu ya Rocket League ndiyo iliyonifundisha kutoamini. Epic waliinunua studio ya Psyonix mwaka 2019. Machi 2020 huduma kwa Linux na Mac ikakatwa. Septemba 2020 gemu ikawa ya bure, na wachezaji wapya hawakuweza tena kuipata Steam. Waliokuwa nayo waliendelea nayo, hilo nalikiri. Lakini angalia: hii si gemu mpya iliyofungiwa, ni gemu ya mwaka 2015 iliyokuwa na wachezaji wake. Kipanga, hii iko wapi kwenye aina zako tatu? Mimi naona unahitaji ya nne.

Kipanga

Jongoo, umenikamata vizuri, na naikubali ya nne: gemu inayonunuliwa pamoja na studio yake. Tena ni ngumu kuliko ya tatu, kwa sababu hakuna mkataba wenye tarehe ya kuisha. Njia ya "subiri" hapo haipo kabisa.

DadaPikseli

Kwa aina ya tatu naomba nitenganishe tena, maana kuna watu walioumia kuliko wanunuzi wa kawaida: wachangiaji.

Gemu ya Shenmue III ilichangishwa Kickstarter, tovuti ya kuchangisha hela za miradi, mwaka 2015 na kupata zaidi ya dola milioni 6.3. Gemu haikuwepo, kilichokuwepo ni imani ya watu. Wachangiaji waliahidiwa nakala ya kompyuta, na Steam ilitajwa. Juni 2019, miezi michache kabla haijatoka, wakaambiwa itakuwa Epic. Mwanzoni hata suala la kurudishiwa hela halikuwa wazi. Baada ya kelele kubwa ndipo wakaruhusiwa kurudishiwa, na Epic wakasema wao ndio watakaobeba gharama hiyo.

Linganisheni na Phoenix Point. Nayo ilichangishwa, nayo ikahamishiwa Epic, Machi 2019. Lakini siku ya kutangaza tu, wachangiaji walipewa chaguo: chukua hela yako, au baki nasi upate nakala ya Epic, nyingine ya Steam au GOG baada ya mwaka, na nyongeza za mwaka wa kwanza bure. Watu walikasirika bado, na sawa. Ahadi ni deni. Ila mmoja alikuja na malipo ya deni mkononi, mwingine alisubiri adaiwe.

Mtu akiniuliza kelele zilisaidia nini, namwonyesha hapo. Kelele za wachangiaji wa Shenmue III zilikuwa na dai moja linaloeleweka, turudishieni hela, na lilijibiwa. Mvua ya tathmini mbaya iliyomwagwa kwenye Metro za zamani na Borderlands 2 haikuwa na dai. Gemu ya mwaka 2012 inapewa alama mbaya kwa sababu mwenzake wa 2019 kafungiwa Epic? Aliyekuja kutafuta kama Borderlands 2 ni nzuri alidanganywa. Valve wenyewe walikuwa wameshaanza, Machi 2019, kuziondoa kwenye hesabu tathmini za namna hiyo zisizohusu gemu.

Chura_Kijani

Mbona kwenye konsoli hatulalamiki hivi? Gemu za Nintendo ziko kwa Nintendo miaka yote, na Sony hadi 2020 walipoileta Horizon Zero Dawn ndio tukaona gemu zao kubwa zikianza kuja kompyuta. Huko unanunua mashine nzima. Hapa unapakua programu ya bure tu, dakika tano.

Hodari77

Chura, hoja hiyo naisikia sana. Anayenunua konsoli anajua tangu mwanzo kwamba ananunua nyumba yenye mlango mmoja. Kompyuta tuliichagua kwa sababu ni wazi. Gharama ya kuijenga ni kubwa na sababu ya kuibeba ni huo uwazi. Na "dakika tano" ni za kupakua tu. Baadaye una akaunti nyingine, nywila nyingine, kadi yako imehifadhiwa sehemu nyingine, marafiki wako wamegawanyika, sevu ziko kwingine. Akaunti moja ikidukuliwa ndio utajua thamani ya kuwa nazo chache.

HuruDaima

Wakuu mmejadili njia mbili, ya tatu mmeiacha mlangoni. Wacha niitetee.

GOG ilianza 2008 na msingi wake haujabadilika: gemu haina kufuli. Unapakua faili la kusakinishia, unaliweka kwenye diski yako ya nje, na hata duka likifungwa kesho gemu ni yako kuicheza. Tangu 2020 wanakurudishia hela ndani ya siku 30, hata kama umeshaicheza. Steam na Epic zote mbili ni siku 14 na isizidi saa mbili za kucheza. Itch.io yenyewe inamwacha mtengenezaji achague duka likate asilimia ngapi, hata sifuri, jambo ambalo nadhani BintiMsimbo angelisema kwa ufasaha kuliko mimi.

Na kuna somo moja kubwa. CD Projekt walipotoa Cyberpunk 2077 Desemba 2020, GOG lilikuwa duka la kampuni yao wenyewe. Ilikuwa gemu iliyosubiriwa kuliko karibu zote za mwaka ule. Wangeweza kuifungia kwao na watu wangekuja. Waliiuza GOG, Steam na Epic kwa siku moja. Walioinunua GOG walifanya hivyo kwa kupenda. Gemu yenyewe ilitoka na makosa mengi, hilo ni jambo jingine na linajulikana, lakini kwenye suala la duka walionyesha njia.

Wengi pia wanasahau kwamba huko Steam na Epic tunanunua leseni. Kalifornia ilipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kutumika Januari 2025, inayotaka maduka yaseme hivyo waziwazi kwa mnunuzi, na Steam wameshaliweka onyo hilo kwenye kapu. Kwa hiyo ugomvi wa Steam na Epic, kwa macho yangu, ni ugomvi wa kuchagua mwenye nyumba.

Tarakimu

HuruDaima, yote kweli, lakini kwa ulinganisho kamili sema na upande wa pili: gemu nyingi kubwa mpya hazifiki GOG siku ya kwanza, nyingine hazifiki kabisa, kwa sababu wachapishaji hawataki kuziachia bila kufuli. Kwa hiyo mara nyingi njia ya tatu ni njia ya pili yenye subira zaidi.

HuruDaima

Kweli kabisa. Nalipa kwa subira na sijutii.

Kijana_Mpya

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mgeni kwenye gemu za kompyuta, nimesoma yote. Nina maswali mawili. Je, kususia kumesaidia kitu, au maduka yanaendelea tu? Na kama nataka kucheza Control na Alan Wake 2, mnanishauri nini?

Kipanga

Marahaba kijana, karibu.

Kuhusu kususia. Aprili 2019 bosi wa Epic, Tim Sweeney, alisema hadharani kwamba Steam wakikubali kuwaachia watengenezaji wote asilimia 88 kwa kudumu, Epic wataacha kufungia gemu. Steam hawakukubali, na mikataba ikaendelea. Lakini Septemba 2023 Epic walipunguza wafanyakazi wapatao 830, Sweeney akieleza kwamba walikuwa wakitumia kuliko wanavyoingiza. Novemba mwaka huo, kwenye kesi yao dhidi ya Google, ilielezwa mahakamani kwamba duka lao bado halijaanza kupata faida. Na Sweeney mwenyewe baadaye alikiri kwamba mikataba mingi ya kufungia gemu haikuwa uwekezaji mzuri, akasifu zaidi mpango wao wa kugawa gemu za bure kila wiki.

Tazama walivyobadilika. Agosti 2023 walianzisha mpango ambao mtengenezaji akikubali kuuza kwao tu kwa miezi sita, anabaki na asilimia 100 ya mauzo hayo. Juni 2025 wakaanza kutokukata chochote kwenye dola milioni moja ya kwanza ya kila gemu kwa mwaka, bila sharti la kufungia. Hiyo ya mwisho ndiyo namna ya ushindani tuliyokuwa tunaililia tangu 2019. Sisemi kelele zetu peke yake zilileta hilo. Nasema mamilioni ya watu waliokaa na hela zao mfukoni wakasubiri mwaka, walizungumza na hesabu za kampuni kuliko mvua yoyote ya tathmini.

BintiMsimbo

Na ningependa na Steam nao wabanwe kwa upande wao. Kuna kesi Marekani tangu 2021, iliyofunguliwa na studio ya Wolfire, inayodai kwamba Valve huwazuia watengenezaji wasiuze bei ya chini kwingine. Valve wanakana. Novemba 2024 mahakama iliruhusu iendelee kwa niaba ya kundi zima la watengenezaji na wachapishaji. Hodari aliuliza punguzo lake liko wapi. Kama madai hayo yatathibitika, sehemu ya jibu iko humo, na ingekuwa vibaya hasira yote kuelekezwa duka moja.

Hodari77

Hilo nalichukua. Kama ni kweli, lawama igawanywe.

Tarakimu

Kijana_Mpya, Control chukua Ultimate Edition. Iko Steam, Epic na GOG, kwa hiyo duka ni wewe tu. Subiri punguzo, huwa linakuja mara nyingi. Kama kompyuta yako si ya nguvu, ijaribu chini ya saa mbili kwanza ili uweze kurudishiwa hela ukiona inakwama.

Jongoo_wa_Linux

Na kabla ya kulipa popote, soma ukurasa wa gemu kuona kama inahitaji akaunti ya pili au programu nyingine juu ya duka. Kuna gemu unainunua Steam, ukiifungua inakufungulia programu ya mchapishaji na kukudai akaunti yake. Hilo liko hata kwa gemu zisizofungiwa duka lolote, na linaudhi vilevile.

Kipanga

Alan Wake 2 ni tofauti. Hiyo ni aina ya pili. Epic waliitoa hela, na bila hela hiyo si ajabu gemu isingekuwepo. Steam haijafika, na sioni sababu ya wao kuipeleka. Kama unaitaka, inunue Epic bila kujisikia vibaya. Hakuna aliyeahidiwa kitu kikavunjwa.

Hodari77

Kipanga, hapo tunaachana. Kufadhili gemu ni jambo zuri, na wanaofadhili warudishe hela yao. Lakini kuiuza na kwingine hakutaifanya Epic iwe masikini. Gemu ile ikiuzwa Steam na GOG leo, hela ingerudi haraka zaidi na wachezaji wangekuwa wengi zaidi. Remedy, studio iliyoitengeneza, wamefanya kazi nzuri inayostahili kuonwa na watu wengi. Kijana, mimi nasubiri. Wewe fanya utakavyoona.

Kijana_Mpya

Nawashukuru wote. Control nitaichukua GOG kwa sababu nimependa wazo la kuhifadhi faili langu mwenyewe. Alan Wake 2 nitaamua nikimaliza hiyo. DadaPikseli, swali moja la mwisho: kuna gemu inachangishwa sasa hivi naitaka, na ukurasa wao hautaji duka lolote, wanasema tu "kompyuta". Nichangie?

DadaPikseli

Waulize kwanza, kwa maandishi, pale pale kwenye ukurasa wao wa maoni ambapo kila mtu anaona: nakala itakuwa ya duka gani, na mkibadilisha mtarudisha hela? Wakijibu wazi, changia. Wakikwepa, subiri itoke.

Kijana_Mpya

Nimewauliza dakika hii. Nitaleta jibu lao hapa.